Mruhusuni mtoto avue sweta: barua ya wazi kwa wakubwa wa shule, wa mahoteli na wa afya

Shikamooni wakubwa. Walio wadogo kwangu ila mna vyeo, nyie habari za kazi.

Naandika nikiwa Pasua hapa Moshi, ni saa nane mchana na jua la Januari mnalijua wenyewe, hata mbwa wa jirani kahamia chini ya mkokoteni na hana mpango wa kutoka. Sasa hivi kapita binti wa jirani yangu anatoka shule. Yuko darasa la sita. Kavaa sweta, lile zito la kijani la sufu, kafunga vifungo vyote mpaka kooni, uso umeiva kama mtu aliyetoka kuchochea kuni. Nikamwita nikamwambia vua basi mama, umeshafika nyumbani. Akaangalia kwanza barabarani kama kuna mtu, ndo akavua.

Huyu mtoto haumwi homa. Kaambiwa avae.

Miaka miwili iliyopita alimwagikiwa na sufuria la uji. Na uji sio kama maji jamani, maji yanamwagika yanapita, uji unaganda pale pale unaendelea kukupika. Ulimshika upande wa kulia, kuanzia chini ya shavu, shingo, bega, kwapa, mkono mpaka karibu na kiwiko. Akalazwa wiki nyingi, akakosa mitihani, akarudi shule na kovu lake. Siku ya tatu tu mama yake akaitwa ofisini, akaambiwa kwa upole kabisa, maana mambo kama haya huwa yanasemwa kwa upole, kwamba watoto wa darasa la kwanza wanaogopa, kwa hiyo ingependeza binti awe anavaa sweta muda wote, na ni kwa faida yake mwenyewe asije akachekwa.

Shule siitaji. Mkisoma mtajijua.

Mimi ni nani hata niwaandikie? Mie ni mamantilie, nina kibanda changu sio mbali na soko la Mbuyuni, na mimi mwenyewe niliungua. Mwaka 2011, nina miaka 19, jiko la mchina linaelekea kuzima na maharage bado magumu, nikaongeza mafuta ya taa bila kuzima tambi. Kosa la sekunde tatu. Moto ukanirukia nikakimbia nje, na kukimbia ndo unaupepea, hilo nilikuja kulijua baadaye. Majirani walikuja mbio Mungu awabariki, mmoja na dawa ya meno, mwingine na mayai, mwingine na unga wa ngano, wakanipaka vyote kwa pamoja na bomba la maji liko pale pale hatua kumi halijafunguliwa. Nilifika hospitali nimeshakuwa keki. Nesi alitumia muda mrefu kuniondolea ule mchanganyiko kuliko muda moto wenyewe ulioniunguza.

Ngoja hapa niwaombe wakubwa wa afya kitu kimoja kabla sijasahau. Mtu akiungua ni maji ya bomba, ya baridi lakini sio barafu, yatiririke juu ya kidonda dakika 20 nzima kwa saa, uvue pete na bangili na nguo ambayo haijaganda kwenye ngozi, halafu ufunike na kitambaa safi uende hospitali. Hata kama yamepita masaa mawili matatu, maji bado yanasaidia. Hakuna yai hapo. Huu mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024, unaotaka ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, mie nauunga mkono kwa mikono miwili, napikia gesi na kwenye mchina sirudi hata kwa bunduki. Mitungi tunaona inagawiwa kwenye mikutano watu wanapigwa nayo picha. Basi kwenye kila mtungi bandikeni stika ndogo tu, mchoro wa bomba la maji na namba 20. Itakuwa imetosha.

Turudi kwenye sweta.

Ambaye hajaungua hawezi kujua hili kwa kuangalia, kwa hiyo siwalaumu sana kwa kutojua, nawalaumu kwa kutouliza. Ngozi iliyoungua mpaka ndani ikishapona inakuwa haina vitundu vya jasho. Haina vinyweleo, haina mafuta yake. Na ile ya kupandikizwa hivo hivo. Mimi begani na mkononi nimebandikwa ngozi iliyotolewa pajani kwangu mwenyewe, imeshika vizuri, ila tangu 2011 haijawahi kutoa jasho hata tone. Joto likipanda mgongo unalowa chapachapa, bega limekaa kavu kama ukuta wa benki, sehemu zilizobaki ndo zinafanya kazi ya mwili mzima. Sasa chukua mtoto ambaye bega na mkono havipumui, mvike sufu mwezi wa kwanza Moshi, mkalishe kwenye darasa lililojaa chini ya bati lisilo na dari, halafu andika kwenye ripoti kwamba anasinzia. Na linawasha. Kovu changa linawasha jamani, sio kuwasha kwa mbu, ni kuwasha kwa ndani ambako kucha haifiki, na sufu ndo inalichokoza kabisa.

Hilo la joto lakini ni dogo. Kubwa ni hili.

Kuna dada wa fizio, wale wa hospitali wanaokufanyisha mazoezi ya viungo, alinifundisha kitu sijawahi kukisahau. Alichukua kapu langu la sokoni akaniambia ona, ngozi nzima imesukwa hivi, nyuzi zinapishana huku na huku, ndo maana ukiivuta inaenda ikarudi. Mwili ukiungua hauna muda wa kusuka kapu. Unalaza nyuzi upande mmoja haraka haraka kama mtu anayefunga mzigo na basi linaondoka, shida yake ni moja tu, shimo lizibe usife. Ndo hilo kovu. Limeshika, limeziba, lakini halivutiki vile, na hata likikomaa vizuri nguvu yake inarudi kama asilimia 80 ya ile ya mwanzo, mia haifiki. Nilicheka mpaka kidonda kikaniuma. Themanini! Mimi hesabu tangu darasa la kwanza sijawahi kuona themanini, kumbe mwili wangu wenyewe ulikaa usiku kucha ukapata themanini bila mwalimu. Tangu siku hiyo nikaanza kuliangalia kovu kwa jicho lingine, kama unavyoangalia nyumba ambayo fundi aliijenga mvua inanyesha. Kuta hazijanyooka, sawa, ila nani mwingine angejenga kwenye mvua ile?

Sasa hilo kovu linachukua mwaka mpaka miwili kukomaa na muda wote huo linajivuta kujikunja. Na kwa mtoto kuna jingine la ziada, mtoto anakua ila kovu halikui naye. Mifupa inarefuka na kovu limebaki pale pale. Likiwa kwapani linaushikilia mkono chini kama kamba ya mbuzi.

Mwezi wa kumi na moja huyu binti alikuja kwangu nimsuke. Nikampa kioo ashike aangalie nyuma, akakishika kwa kushoto. Nikamwambia shika kwa kulia basi huku nasuka. Akacheka cheka akasema aunt huu haufiki. Nikaacha kusuka. Nikamwambia nyoosha juu kama unajibu swali. Ukaishia usawa wa bega, ukagoma, na ile ngozi ya kwapani ikasimama kama utando wa bata. Ndo nikamuuliza darasani unajibuje maswali, akasema alikuwa ananyoosha kushoto, mwalimu mmoja akamwambia mkono wa kushoto ni utovu wa adabu, basi akaacha. Ripoti ya mwisho wa mwaka imeandikwa hashiriki darasani.

Mnaona sweta linafanya nini? Kovu lingekuwa wazi mwalimu wa michezo angeona mkono haupandi, mama yake angeona wakati anaanua nguo, nesi wa kwenye foleni angeona. Limefunikwa miezi, mtoto anaoga mwenyewe mlango umefungwa, na kwapa linajishona taratibu gizani. Sasa atahitaji upasuaji wa kulilegeza, na ninavyoelewa kwa mtoto anayekua unaweza usiwe mmoja. Mlitaka watoto wa darasa la kwanza wasiogope. Mimi nina kibanda, watoto wa umri huo wanakuja na mama zao kila siku, wanauliza aunt umefanyaje, nawaambia niliungua, wanauliza iliuma, nasema iliuma sana, wanasema pole, wanaomba maji ya kunywa. Dakika moja imeisha. Anayeogopa huwa ni mkubwa aliyesimama nyuma yake anamvuta shati.

Na mkoa huu ndo unaniumiza zaidi. Nyie wa elimu Kilimanjaro mnajua moto umetufanya nini, Juni 1994 bweni la wasichana la Shauritanga kule Rombo liliteketea na mabinti ndani, kuna familia bado zina picha ukutani. Mkoa uliozika watoto kwa sababu ya moto, leo mtoto katoka kwenye kuungua yuko hai, anatembea na miguu yake anakuja shule, mnamwambia ajifunike?

Nihame huko niende kwa wenye mahoteli, maana na nyie nina deni lenu la muda mrefu.

Mimi nilisomea mambo ya hoteli, cheti ninacho. Mwaka 2015 nikaitwa intavyuu Arusha, kazi ya risepsheni, tangazo limeandikwa awe na mwonekano wa kuvutia. Kabla ya kwenda nikapita studio moja pale karibu na stendi Moshi nipige pasipoti za kuambatanisha. Kijana kapiga, kaniambia subiri dada, akaingia kwenye kompyuta, naona anasugua sugua na ile mausi. Akaniletea picha. Nimeiangalia nikasema huyu nani? Shingo laini kama ya kuazima, shavu halina kitu, kanifuta. Wala hakuwa na ubaya, alitabasamu akasema nimekusaidia, na sikuchaji. Nikamwambia nirudishie. Akasema nirudishe nini? Nikasema kovu langu. Basi watu wote kwenye benchi wakageuka kuniangalia, kijana akarudisha kwa shingo upande kama mtu anayerudisha uchafu kwenye chakula. Alikuwa na haki ya kushangaa, hata mimi nilijishangaa, sikuwa nimepanga kusema vile.

Nikaenda Arusha na picha yangu ya kweli. Hoteli siitaji. Mapokezi mazuri, marumaru, maua, na nyuma ya kaunta ukuta mzima kuna picha moja kubwa imechapwa ya mzee wa Kimaasai. Mmeziona picha hizo. Uso wote makunyanzi, na shavuni ana ile alama ya duara ya kuchomwa utotoni, imepigwa na mwanga wa jioni mpaka inang'aa kama sarafu. Nikakaa chini ya ile picha nusu saa. Akaja dada wa utumishi, mwenye heshima zake, tukaongea vizuri, Kiingereza akaridhika, kompyuta akaridhika. Mwisho akainamisha sauti. Akasema dada nikuambie ukweli kama mdogo wangu, mbele hapa ni sura ya hoteli, wageni wanaweza wakashtuka, ila nguo za kufua kule nyuma kuna nafasi.

Nikaangalia juu. Nikamwangalia mzee. Nikamwangalia dada. Wala hakuelewa nilichokuwa naangalia.

Lile ni kovu la moto ukutani na hili ni kovu la moto shingoni, tofauti ni kwamba lile mgeni kalipia ndege kuja kuliona. Mnauza vinyago vya Wamakonde vyenye chale usoni, mnauza kadi zenye akina mama wa Kimang'ati na alama zao kuzunguka macho, kuna mgeni ananunua mpaka mbili. Mimi sisemi chale za mila ni sawa na ajali, walichanjwa kwa maana yao na mimi sikuchagua. Nasema tu kwamba mnajua, tena mnajua vizuri sana, kwamba ngozi yenye alama inaweza kuwa kitu cha kutazamwa. Mnajua mkiwa mnauza. Mkiwa mnaajiri mnasahau.

Ile kazi ya kufua sikuichukua. Nikarudi Moshi na Noah ya jioni, nikaanza kupika.

Wenye sheria mtaniambia kulikuwa na pa kulalamika. Nimesoma. Katiba ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima na kuthaminiwa utu wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini na imetaja rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mengine. Kovu kwa jina lake halipo. Mimi nabeba ndoo mbili, nasimama jikoni masaa kumi, nikienda kusema nina ulemavu watanicheka, nikisema sina basi naambiwa sio ubaguzi ni mwonekano. Wenzetu Uingereza kwenye sheria yao ya usawa ya 2010 wameliandika wazi, mtu mwenye sura iliyoharibika vibaya analindwa kama mlemavu bila kuulizwa anaweza kubeba nini. Wabunge wetu wa kanda hii, ni mstari mmoja tu huo. Na mkishindwa mstari basi angalau lile neno la mwonekano wa kuvutia litoke kwenye matangazo ya kazi za serikali na halmashauri, mwandike awe nadhifu. Nadhifu mimi nitaweza, sabuni ipo.

Bima nisiseme mengi nitaharibu siku. Nikiuliza kuhusu kovu naambiwa hilo ni urembo. Kwapa la mtoto lisilofunguka ni urembo? Haya.

Ila kwa wakubwa wa afya nina habari njema pia, msidhani nimekuja na lawama tupu. Baada ya upasuaji nilitakiwa kuvaa nguo za kubana, zinavaliwa karibu masaa 23 kwa siku, unavua ukioga, zinalikandamiza kovu lisiinuke. Za kuagiza bei yake nikaitazama nikairudisha mezani. Nikaenda kwa fundi cherehani Mbuyuni, mzee mmoja anashona sare na mapazia, nikamweleza. Hakuuliza maswali ya umbea. Akachukua futi, akanipima mkono kila vidole vinne, kiganja, kiwiko, juu ya kiwiko, anaandika kwenye boksi la sigara. Akachagua kitambaa cha kuvutika kile cha taiti, akashona, nikavaa, akaingiza kidole kati ya nguo na ngozi akasema inalegea hapa, akafumua akarudia. Mara nne amefumua. Mara ya nne akanigonga begani pale pale kwenye kovu, kawaida tu kama unavyogonga gunia kuona limekaa, akasema sasa imekamata. Hakuwa amenishika mtu pale tangu hospitali zaidi ya manesi. Nililia pale sokoni, akadhani nimeumia, akataka kufumua tena.

Yule dada wa fizio alipoiona aliigeuza nje ndani akauliza nani kashona. Maana yangu ni kwamba mafundi tunao. Ujuzi tunao, mji huu una hospitali ya KCMC tangu 1971, una chuo cha magonjwa ya ngozi pale pale tangu 1992 kinafundisha madaktari wa nchi nyingi za Afrika, na wanatengeneza hapa hapa Moshi losheni ya kukinga jua ya ndugu zetu wenye ualbino. Kovu nalo linaungua na jua haraka na linabadilika rangi, losheni ile na sisi ingetufaa. Wakutanisheni fizio na mafundi cherehani siku mbili tatu, wape kitambaa kinachofaa na jinsi ya kupima mbano, na waliotoka wodini huko Rombo na Same wasiambiwe waagize nje.

Mtaniuliza kwa hiyo nalipenda kovu? Kuna siku nalipenda kuna siku silipendi, kama unavyompenda ndugu yako. Asubuhi za baridi Juni linabana. Lakini mwanangu wa mwisho alikuwa halali bila kulishika. Ile ngozi ya pajani kabla ya kuibandika huwa wanaitoboa toboa kwa mashine ili itanuke kama wavu ieneze sehemu kubwa, na ukipona wavu unabaki, vidirisha vidogo vidogo mkono mzima. Mwanangu alikuwa anapitisha kidole kwenye vile vidirisha gizani anahesabu, moja, mbili, tatu, akifika kumi na kitu anapotea anaanza upya, mpaka usingizi. Hesabu kajifunzia pale. Shangazi yangu aliniletea kanga wodini imeandikwa hujafa hujaumbika, na watu hupenda kunitamkia maneno hayo kwa sauti ya msibani, wakati mimi nikiyasikia nawaza kama sijafa basi bado naumbwa, kazi inaendelea, tulieni.

Na nyie wa Moshi kuogopa makovu mnashangaza. Kila asubuhi mawingu yakiachia mnatoka nje na simu mnapiga picha nini? Mlima Kilimanjaro, na vilele vyake Kibo na Mawenzi. Bibi yangu alikuwa anatuhadithia kwamba Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto, kila siku unazimika anaenda kuomba kaa kwa Kibo, na akikuta chakula anakula. Siku Kibo kachoka akachukua mchi akamtwanga nao, ndo maana Mawenzi yuko vile, kachongoka kabomoka, meno meno. Wataalamu wanasema ni volkano ya zamani iliyokufa ikaliwa na mvua na barafu, sawa, wote wawili wanakubaliana kwamba kaumizwa. Mita 5,149 za makovu matupu, amesimama pembeni ya Kibo mwenye 5,895 mviringo safi, na sijawahi kusikia mkubwa yeyote amependekeza afunikwe turubai kwa faida yake mwenyewe.

Mwalimu mkuu, na wewe afisa elimu uliye juu yake. Ninachoomba ni barua moja fupi kwamba sweta ni la baridi, na mtoto asiye na baridi asilazimishwe kulivaa. Mkono wa kushoto wa huyu binti uheshimiwe kama wa kulia mpaka wa kulia utakapofunguliwa. Na kama darasa la kwanza wanaogopa niiteni, nitakuja siku moja na mkono wangu, waulize yote, waguse, nitabeba na maandazi.

Ameshamaliza kunywa maji amelala kwenye mkeka hapa chini ya feni, mkono umetandazwa upate upepo. Sweta nimelifua. Liko kwenye kamba nje linachuruzika. Nimemwambia mama yake litakaa kwangu mpaka mwezi wa sita baridi ikianza, anayelitaka kabla ya hapo aje yeye mwenyewe anidai, nipo kibandani kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.

Mama wa maharage,
Pasua, Moshi